Dakika Thelathini na Tano Hadi Marsabit

Mumo alikuwa Lodwar, kaskazini kabisa. Mtaa mzima wa Donholm, Nairobi, ulijua hivyo, na kule kanisani mtaa wa Ziwani, ambako mama mkwe wake Mama Nasambu alikuwa kinara wa akina mama, jina la Mumo halikutajwa bila mji huo kufuata nyuma. "Mkwe wangu wa Lodwar." Akisema hivyo Mama Nasambu hupandisha kidevu kidogo, na ole wake mwanamke ambaye mkwe wake anafanya kazi hapa hapa Industrial Area. Wengine wana watoto Marekani. Yeye alikuwa na kaskazini, na aliitumia ipasavyo.

Shida ilikuwa moja tu. Mumo hakuwa Lodwar. Mumo alikuwa Pipeline, mtaa wa jirani, chumba kimoja, ghorofa ya sita, mahali ambapo mtu mwenye pumzi nzuri anaweza kutoka akatembea hadi mlangoni kwa mkewe Donholm bila hata kusimama kununua maji.

Na kabla hujamwita mwongo, ngoja kwanza nikueleze jinsi walivyomsukuma. Mumo alikuwa karani katika kampuni ya kusafirisha mizigo. Siku moja mkubwa wake akamwambia wanafungua tawi Lodwar na yeye ndiye atakayelisimamia. Mumo akamnong'onezea mkewe Beldina chumbani. Beldina akamwambia mamake. Mamake akamwambia Mungu, mbele ya kanisa zima, kwa kipaza sauti. Mumo akawekewa mikono kichwani, akapewa blanketi, chandarua na chupa kubwa ya chai. Jumatatu akafika kazini na sanduku lake, akaambiwa tawi halifunguliwi tena. Na kwa kuwa walikuwa wanazungumzia mambo ya kufungua na kufunga, hata ile meza yake ya hapa Nairobi ilikuwa imefungwa.

Sasa wewe ungefanya nini? Ungerudi nyumbani siku hiyo hiyo na blanketi lililoombewa? Mumo alikusudia kukaa Pipeline siku mbili tatu, apate neno la kusema. Neno likakataa kuja. Ikaja kazi, ya kupakia na kupakua saruji kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Gichuru. Akatuma pesa za nyumbani kama kawaida, mwezi ukapita, ukaja mwingine, na sasa ulikuwa wa saba. Kila mwisho wa mwezi anarudi Donholm na lile sanduku, mweusi tititi kwa jua la kupakua saruji, na majirani wanatikisa vichwa: "Ai, jua la Lodwar si mchezo." Analeta samaki wakavu aliowanunua kwa mama mmoja pale pale Pipeline, na Mama Nasambu anawatafuna akifumba macho, akiapa kwamba samaki wa Ziwa Turkana ana ladha yake, huwezi kumlinganisha na takataka zinazouzwa Nairobi. Kila asubuhi kabla ya kupiga simu nyumbani, Mumo huangalia kwanza Lodwar kuna joto kiasi gani, ndipo alalamike kwa kipimo.

Usidhani alikuwa anafurahia. Akipanda juu kuanika nguo aliyaona mapaa ya Donholm kule ng'ambo, na binti yake Koki yuko chini ya mojawapo, naye husimama kulitafuta kwa macho. Lakini alikuwa akiogopa. Si Mama Nasambu aliyemtisha, ingawa angemtisha yeyote. Aliogopa siku ambayo Beldina angemtazama kama anavyotazamwa tapeli. Afadhali abebe saruji mpaka mgongo uvunjike.

Basi Jumapili moja alasiri simu ikalia. Ilikuwa simu ya Beldina, imewekwa sauti ya juu, na Mama Nasambu alikuwa ameketi karibu nayo. Ni vizuri ujue kwamba Mama Nasambu hakuwahi kumwongelesha mkwe wake. Mama mkwe na mkwe hawapeani mikono, hawaketi sebule moja, hawatazamani usoni. Mumo ni Mkamba, mama ni Mbukusu, na Mkamba na Mbukusu wanaweza kubishana kuhusu kila kitu isipokuwa hili. Hata kwenye simu alipitia kwa bintiye, kwa sauti ambayo ingefika Lodwar bila simu.

"Beldina, mwambie baba Koki sauti ya Wekulo imekonda."

Wekulo alikuwa kitinda mimba wake, mwalimu huko Marsabit, fahari yake ya pili ya kaskazini.

"Mama anasema sauti ya Wekulo imekonda," Beldina akasema.

"Nimesikia."

"Mwambie aende Marsabit akamwone kwa macho yake. Anitumie picha."

Mumo akafunga dirisha, Pipeline isisikike. "Mwambie mama Marsabit ni mbali."

"Mbali ya wapi!" Mama Nasambu alifoka. "Mwambie nimeuliza simu. Nimeandika Lodwar, nimeandika Marsabit, imenijibu hapo hapo. Kilomita mia mbili na themanini. Ndege, dakika thelathini na tano. Thelathini na tano! Mimi kutoka hapa hadi kanisani natumia zaidi ya hizo, tena na viatu vinaniuma."

Hapo, jamani, ndipo Mumo alipofanya kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa miezi saba. Alisema ukweli. Alisema hakuna ndege inayotoka Lodwar kwenda Marsabit. Katikati kuna ziwa, kuna jangwa, kuna mawe meusi hadi macho yachoke. Ukitaka kuruka, unarudi kwanza Nairobi, halafu utafute nyingine ya kukupeleka Marsabit. Kwa barabara unazunguka nusu ya nchi. Alikuwa na hakika, maana amesoma mambo ya Lodwar kuliko watu waliozaliwa huko.

"Simu imepiga mstari tu, Beldina. Imepima hewa. Haikuuliza kama kuna ndege."

Kisha sauti ya mama ikaja, ya mtu aliyeumizwa. "Beldina, mwambie baba Koki kama hampendi Wekulo aseme. Asisingizie ndege."

"Baba Koki," Beldina akasema polepole, "kwani ni nini? Ni dakika thelathini na tano tu."

Uongo wa miezi saba ulikuwa umemezwa bila hata maji ya kusukumia. Ukweli wa kwanza ukatemwa palepale. Mumo akaahidi kwenda Jumatano.

Jumanne alasiri, kichwa kikiwa kimejaa mawazo, akaingia kwa kinyozi mmoja mpya kwenye ghorofa ya chini ya jumba lililotazamana na lake. Kinyozi alikuwa amevaa kofia hadi kwenye nyusi, na maski ya kuzuia nywele. Mumo naye alikuwa mweupe kwa saruji kuanzia utosi hadi viatu. Hawakusalimiana vizuri, redio ilikuwa juu. Akafungwa kitambaa shingoni, akainamisha kichwa, mashine ikaanza kupanda kisogoni.

Akiwa pale akaona heri ampigie Wekulo mwenyewe. Angemwomba ajipige picha huko Marsabit, aseme shemeji yake ndiye aliyekuwa ameshika simu. Akatafuta namba, akapiga.

Nyuma ya kichwa chake simu ikalia.

Mashine ikazimwa. "Samahani boss, dakika moja," kinyozi akasema, akapunguza redio, akasogea mlangoni.

"Shem!" sauti ya Wekulo ikasema sikioni mwa Mumo. "Niaje? Lodwar kunaendaje?"

"Joto, shem. Na Marsabit?"

"Upepo, shem. Upepo wa kubeba mbuzi."

Sasa, sikio la kulia la Mumo lilikuwa na simu. La kushoto halikuwa na kitu. Na yote mawili yalikuwa yamesikia habari za upepo. Mumo akainua kichwa akatazama kwenye kioo. Akaona mgongo wa kinyozi mlangoni, mkono mmoja umeshika simu, mwingine umeshika mashine, ukionyesha angani jinsi mbuzi anavyobebwa.

"Unanisikia, shem? Mtandao wa huku mlimani ni mbovu."

"Nakusikia vizuri sana," Mumo akasema. "Hebu geuka."

Wekulo akageuka. Akavuta maski chini. Mumo akajipangusa saruji usoni kwa kile kitambaa. Wakatazamana, na mzee mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake kwenye benchi akauliza kama kuna mtu amekufa.

Ilibidi Wekulo aketi. Kumbe yeye alifika Marsabit kweli, hakuwa mzembe kiasi hicho. Ila ile shule iliyomwajiri ilikuwa bado kwenye mchoro. Alikuta kibao cha jina na mbuzi wanne, akangoja siku tatu walimu wengine watokee, akarudi.

"Mbona hukumwambia mama?"

"Ningemwambia nini, na alishaniombea? Aliniwekea mikono kichwani, shem. Na blanketi akanipa."

"La rangi gani?"

"La buluu."

"Mimi jekundu," Mumo akasema, na hapo wakaanza kucheka, wakacheka hadi mzee wa benchi akaondoka kutafuta kinyozi mwingine. Kati ya Lodwar na Marsabit kulikuwa na mtaro mmoja wa maji machafu. Ukiwa na miguu mirefu huhitaji hata kuruka.

Jumatano picha ikapigwa. Nyuma ya duka la Gichuru kulikuwa na rundo la mchanga wa ujenzi, na mbuzi wa mtaani walikuwa juu yake wakitafuna karatasi. Wekulo akajifunga shuka, Mumo akashika fimbo, na Owiti muuza maji akapiga picha akiwa amechuchumaa ili maghorofa yasitokee. Jumapili Mama Nasambu aliizungusha kanisani benchi baada ya benchi. "Jangwa hilo!" akina mama wakasema. "Na wamependeza hivyo!" Kisha akampigia Mumo, yaani akampigia Beldina ampigie Mumo: "Mwambie si nilisema? Mtu mzima anabishana na simu!" Na kwa kuwa sasa imethibitika Marsabit ni karibu, akaamuru Mumo awe akienda kila Jumamosi.

Akawa akienda. Jumamosi wanaketi pale kwa kinyozi, wanacheza drafti na kuhurumiana kwa shida za kaskazini. Wekulo aliona mambo yamenyooka, hata angeendelea hivyo mpaka uzeeni. Mumo kila akipanda zile ngazi zake kicheko kilimwishia njiani.

Halafu ikaja Ijumaa. Saa nane mchana Mumo alikuwa na mfuko wa saruji begani simu ilipotetemeka. Beldina. Sauti yake ilikuwa imeshikiliwa kwa nguvu isivunjike.

"Koki ameanguka kwenye ngazi za shule. Mkono umevunjika. Tuko hapa zahanati ya Donholm, daktari anataka kuuvuta aunyooshe, naye Koki amekataa kushikwa na mtu. Sikuombi uje, baba Koki, najua uliko. Ongea naye tu kidogo atulie."

Simu ikapelekwa. Akasikia kwikwi, na kati ya kwikwi na kwikwi, mtoto wa miaka saba akijaribu kuvuta pumzi.

"Baba."

"Naam, mama yangu."

"Uko mbali?"

Mumo akafungua mdomo. Uongo alikuwa nao tele, wa kila namna, alikuwa ameuzoea kama sabuni. Wote ukamkimbia.

"Kidogo," akasema.

"Nyanya anasema ni dakika kidogo tu. Anasema ndege inakuja chap chap." Kwikwi. "Sasa mbona huji?"

Mfuko wa saruji ukaanguka ukapasuka, na Gichuru akapiga kelele kutoka dukani. Mumo hakumsikia. Alikuwa amekwishafika kwenye ule mtaro ulio mbele ya kinyozi, akitafuta pikipiki kwa macho, na hapo ndipo Wekulo alipomdaka mkono.

"Shem, unaenda wapi? Umekuwaje?" Mumo akamweleza kwa maneno matatu. Wekulo akashika kichwa. "Pole sana. Haki, pole. Lakini tulia ufikiri. Mtu yuko Lodwar. Lazima afike uwanjani, apate ndege, atue, apambane na foleni ya magari. Ukitokea kabla ya giza umetumaliza sisi wote wawili. Keti hapa nikukate nywele, nikukung'ute saruji kwa kitambaa upate kuonekana msafiri. Uende jioni."

Nitakwambia ukweli ingawa unaniuma: Mumo aliketi. Ile hesabu haikuwa na kasoro, na yeye alikuwa amezoea kuishi kwa hesabu. Akaketi, akafungwa kitambaa, akasikia mashine ikiwashwa. Akawaza kwamba sasa hivi, anapofikiria foleni ya kutoka uwanja wa ndege, kuna mtu mzima ameshika mkono wa Koki na Koki anatazama mlangoni.

"Toa hiki kitu," akasema, akakivuta kitambaa mwenyewe, akatoka.

Pikipiki haikuchukua hata muda wa kuimba wimbo mmoja wa kanisa hadi mwisho. Kwenye baraza ya zahanati Mama Nasambu alikuwa benchini na akina mama wawili wa kanisani waliokuja kumshika mkono. Alimwona Mumo akiingia, mweupe kama aliyefukuliwa, na mila ikamfanyia kazi kabla ya akili: akageuka akatazama ukuta, pua karibu na bango la chanjo.

"Mama Nasambu," mmoja akauliza, "huyu si mkwe wako wa Lodwar?"

"Ndiye," Mama Nasambu akaujibu ukuta.

"Si mtoto ameanguka sasa hivi? Amefikaje?"

Mama Nasambu alifikiri kwa bidii. "Ndege za siku hizi," akasema.

Ndani, Koki alimrukia babake kwa mkono mmoja. Mumo akamkumbatia, akamficha uso shingoni mwake, daktari akavuta, mtoto akapiga yowe moja tu akanyamaza. Mkono ukafungwa. Wakati wote huo Beldina alikuwa amesimama kando akimtazama mumewe: viatu vya kazi, suruali iliyochanika goti, saruji hadi kwenye kope. Kazi ilipoisha akasogea, akampangusa kipaji kwa kidole, akakitazama kidole.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile mliyoniombea."

"Wapi?"

"Pipeline."

Mumo alitamani apigiwe kelele. Beldina hakupiga.

"Pipeline," akasema. "Miezi saba, baba Koki. Miezi saba, nikisikia joto naangalia la Lodwar, nazima feni nikisema mwenzangu anaungua, mimi ni nani nipepewe. Nyama nimekula ikinikwama. Kama kazi iliisha ungesema, ningekupa pole, tungekula ugali na sukuma tulale. Lakini huo uchungu wote niliokuonea, utanirudishia na nini?"

Mumo akalia, mtu mzima, mtoto mkononi, na hakujificha. Alikuwa ameogopa kutazamwa kama tapeli, na kumbe mke wake hakuwa akimtazama hivyo. Alikuwa akimtazama kama mtu aliyemnyima kitu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Kutoka nje sauti ikaja, ya juu kabisa, ya kusikika na akina mama wote wawili. "Beldina! Mwambie baba Koki asije akachelewa ndege ya kurudi. Kazi ya watu!"

Beldina akaenda mlangoni. "Mama, mwambie mwenyewe."

Mama Nasambu akafungua mdomo mbele ya bango la chanjo, akaufunga. Hakuweza. Tangu Beldina aolewe hakuwahi kumwambia mtu yule neno moja, na hili halikuwa neno la kuanzia.

"Basi," Beldina akamgeukia mumewe. "Beba mtoto vizuri. Tunaenda nyumbani kwa miguu, tena kwa kupitia madukani. Nataka kila mtu akuone na hiyo saruji. Kesho utaenda kazi yako ya Pipeline kutokea kwangu, na jioni utarudi kwangu, na mimi nitakukasirikia mpaka nichoke. Sijui nitachoka lini."

"Sawa," Mumo akasema.

Wakatoka. Watu wa madukani walisimamisha mizani zao. Kinyume na alivyotarajia, Mumo hakuona aibu sana. Kichwa cha Koki kilikuwa begani kwake, na mfuko wa saruji ulikuwa haujawahi kumpa faraja hiyo. Nyuma, mbali kama mila inavyotaka, Mama Nasambu alikuja akitazama ardhi. Aliwaacha akina mama wa kanisa watangulie. Alikuwa amepoteza mji mzima katika alasiri moja, maskini, na alihitaji kitu cha kushika. Akapiga simu, na kwa kuwa hajui kuongea kwa simu bila sauti ya juu, barabara nzima ikasikia.

"Wekulo, mwanangu. Afadhali wewe. Wewe peke yako ndiye hujaniaibisha. Huko Marsabit kukoje leo?"

"Upepo, mama," sauti ya Wekulo ikajibu. "Upepo mwingi." Na nyuma ya upepo huo mashine ya kunyolea ilikuwa ikinguruma, na mtu fulani alikuwa akilalamika kwamba alisema apunguziwe pembeni tu, si kumalizwa kichwa chote.

Mumo akatazama mbele. Mila haikumruhusu kumwambia mama mkwe wake lolote, na kwa mara ya kwanza aliishukuru. Lakini Beldina alikuwa amepunguza mwendo, sikio limeinama.

"Baba Koki."

"Naam."

"Na huyo naye yuko ghorofa ya ngapi?"